Appalachia haimalizwi kwa picha ya siku moja

Ukitafuta picha za West Virginia kwenye intaneti, zitakujia za aina mbili. Ya kwanza ni kinu cha zamani cha kusagia nafaka kilichoko kwenye hifadhi ya jimbo ya Babcock, kimezungukwa na majani mekundu na ya manjano, maji yakiteremka mbele yake. Ya pili ni mzee aliyekaa barazani mwa nyumba iliyochakaa, picha haina rangi, uso umejaa mikunjo, na jina lake halikuandikwa popote. Zote mbili aghalabu hupigwa na watu waliofika asubuhi na kuondoka jioni. Mimi naishi Charleston, mji mkuu wa jimbo hili, nilikoletwa na kazi ya uuguzi kutoka Tanga, na kila nikipata siku ya mapumziko naingia barabarani na kamera. Nimeanza kuamini kwamba milima hii ya Appalachia, mashariki mwa Marekani, imeumizwa na picha za siku moja. Inahitaji mtu anayerudi: Januari, Aprili, Julai, Oktoba, mahali palepale, kwa watu walewale, hadi wamjue.

Safu ya Appalachia ni ndefu, inatoka kusini mwa Marekani na kuingia Kanada. Serikali ilipounda Tume ya Kanda ya Appalachia mwaka 1965 iliiwekea mipaka, na leo eneo hilo lina kaunti 423 katika majimbo 13. West Virginia ndilo jimbo pekee lililomo lote ndani ya mipaka hiyo. Milima yenyewe ni mizee mno. Awamu yake kubwa ya mwisho ya kuinuka ilitokea miaka kama milioni 300 iliyopita, pale bara la Afrika lilipoligonga bara la Amerika Kaskazini, na mawe ya ukoo huo yako hata leo Morocco, kwenye milima ya Atlas. Ndiyo maana vilele vyake ni vya mviringo na mabonde yake ni membamba: mvua na mito imevila kwa muda mrefu kuliko akili inavyoweza kuhesabu.

Nianze na majira ya baridi, kwa sababu ndiyo bora kuliko yote kwa kazi ya picha na ndiyo yanayodharauliwa. Watalii hawapo. Hoteli ndogo zimefungwa. Na misitu hii karibu yote ni ya miti inayopukutisha majani, kwa hiyo kuanzia Novemba hadi Machi kila kilichofichwa na kiangazi kinajitokeza: mgongo wa mlima, mkondo wa kijito, msingi wa nyumba, dohani la mawe lililobaki peke yake, makaburi ya ukoo juu ya kilima.

Barabara ninayoipita mara nyingi zaidi ni namba 60, inayofuata Mto Kanawha kuelekea mashariki. Muda mfupi baada ya kutoka Charleston unapita Malden, ambako Booker T. Washington, mwalimu na kiongozi maarufu wa Weusi, aliletwa akiwa mtoto baada ya utumwa kukomeshwa, akafanya kazi kwenye matanuri ya chumvi na baadaye kwenye mgodi wa makaa ya mawe. Unaendelea hadi Gauley Bridge, mahali mito ya New na Gauley inapokutana, kisha barabara inapanda kwa kona kali hadi Hawks Nest. Ukisimama pale juu wakati wa baridi unaona bwawa, na chini ya bwawa unaona mto uliokauka, mawe makubwa yamelala wazi. Maji yamegeuzwa njia yakaingizwa kwenye handaki la karibu kilomita 5 lililotobolewa ndani ya mlima kuanzia mwaka 1930. Wengi wa waliolitoboa walikuwa Weusi waliotoka majimbo ya kusini kutafuta kazi wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Mwamba ulikuwa wa madini yaitwayo silika, vumbi lake halikuzuiwa kwa maji wala barakoa, na mamia ya watu wakafa kwa mapafu yaliyoharibika. Picha ya mto ule mkavu ni picha ya handaki lenyewe, ingawa handaki halionekani. Kiangazi majani hufunika sehemu kubwa ya bonde hilo, na watu wanapiga picha ya mandhari nzuri wanaondoka.

Mbele kidogo, kwenye bonde la Mto New, kuna Nuttallburg. Ni mji wa mgodi uliokufa. Kimebaki kituo cha chuma cha kupakilia makaa kwenye mabehewa, na mkanda wa kuteremshia makaa wenye urefu wa zaidi ya mita 400 kutoka mdomo wa mgodi hadi relini, uliojengwa miaka ya 1920 wakati Henry Ford alipoukodi mgodi huo ili apate makaa ya viwanda vyake vya chuma. Pembeni kuna safu ya matanuri ya koke, yaani makaa yaliyookwa kwa ajili ya viwanda vya chuma, matao ya mawe yaliyoota kuvu la kijani. Theluji ikitanda, matao yanabaki meusi na kila kitu kingine ni cheupe, na hapo ndipo unaona jinsi yalivyokuwa mengi. Katika migodi ya kaunti hii, Fayette, alifanya kazi kijana Carter G. Woodson, ambaye jioni aliwasomea magazeti wachimbaji wenzake Weusi waliokuwa hawakupata shule. Mwaka 1926 mtu huyohuyo alianzisha wiki ya historia ya Weusi ambayo leo ni mwezi mzima wa Februari. Kila Februari nasikia jina lake kazini, kwenye mabango, redioni, na mara chache sana nasikia mtu akitaja mashimo haya ya makaa. Kwa hiyo Februari huwa naenda kupiga picha hapo.

Kuhusu theluji, neno moja kwa wanaoanza: usiiamini kamera. Kipimo chake cha mwanga hutaka kila kitu kiwe cha kijivu, hivyo kitaitia giza theluji na kitazifanya nyuso za watu weusi kuwa kivuli. Ongeza mwanga kwa hatua moja, wakati mwingine moja na nusu, kisha tazama uso wa mtu kwanza, theluji baadaye.

Kutoka Nuttallburg haiko mbali Thurmond, ambako reli ndiyo barabara kuu. Majengo ya matofali, pamoja na benki ya zamani, yanatazamana na njia ya treni bila mtaa katikati. Mwanzoni mwa karne ya 20, makaa yalipokuwa yakitoka kila bonde, mji huu ulijaa hoteli na fedha. Sensa ya mwaka 2010 ilihesabu wakazi 5. Treni za makaa bado zinapita na kutikisa vioo, na treni ya abiria inayokwenda kati ya Chicago na New York hupita mara tatu kwa wiki. Wapiga picha hupenda kuuita mji wa mizimu. Mimi siwezi kuuita hivyo, maana kuna watu wanaoishi pale na wanatoa takataka zao nje kama mimi.

Hapo naingia kwenye jambo ambalo kila mwenye kamera anapaswa kulijua kabla hajaingia kwenye bonde lolote la milima hii. Ukisimama mbele ya nyumba ya mtu ukanyanyua kamera, swali la kwanza litakuwa: unatoka gazeti gani? Halina uadui, lakini lina kumbukumbu.

Tarehe 24 Aprili 1964 Rais Lyndon Johnson alitua kwa helikopta karibu na Inez, Kentucky, akachuchumaa kwenye baraza la Tom Fletcher, baba wa watoto 8 asiye na kazi ya kudumu, na wapiga picha wakafanya kazi yao. Picha ile ikawa sura ya mpango wa Johnson ulioitwa Vita Dhidi ya Umaskini. Baada yake walikuja wengine wengi: magazeti, televisheni, wanafunzi wa vyuo. Kila mmoja alitafuta baraza bovu zaidi, mtoto mchafu zaidi. Wenyeji walijiona kwenye magazeti ya nchi nzima kwa namna ambayo hawakuitambua. Fedha za serikali zilikuja, na nyingine zilisaidia kweli, lakini picha hazikuondoka. Familia ya Fletcher iliishi na ile picha moja miaka yote iliyofuata.

Miaka mitatu baadaye, Septemba 1967, mtengenezaji filamu kutoka Kanada, Hugh O'Connor, alikuwa Jeremiah, kijiji cha Kaunti ya Letcher, Kentucky. Yeye na wenzake walimwona mchimbaji makaa amekaa barazani, bado ana vumbi la mgodi usoni. Wakaomba ruhusa, akakubali. Lakini nyumba ilikuwa ya kupanga, na mwenye nyumba, Hobart Ison, alifika na bastola akiwaamuru waondoke kwenye ardhi yake. Walikuwa wakibeba vifaa kuelekea kwenye magari alipofyatua risasi. O'Connor alikufa palepale. Kesi ya kwanza baraza la wazee wa mahakama halikukubaliana. Baadaye Ison alikiri kosa la kuua bila kukusudia, akahukumiwa miaka 10 na kutoka baada ya mwaka mmoja. Majirani wengi walisimama upande wake.

Kisa hiki kinanisumbua kwa sababu siwezi kukiweka upande mmoja. O'Connor aliomba ruhusa. Aliongea na mtu kwa heshima. Na mauaji ni mauaji. Lakini alilipia deni la kamera zote zilizomtangulia, zilizokuja, zikachukua na kutorudi. Kamera inaingia na historia yake mahali hapa, hata kama imeshikwa na mtu mwenye nia njema, hata kama imeshikwa na Mtanzania ambaye naye ametoka nchi iliyochoshwa na picha za watoto wenye inzi machoni. Pengine ndiyo sababu nilimwelewa haraka bibi mmoja wa Kaunti ya Clay aliyeniambia, "Mwanangu, piga picha ukitaka, lakini uje tena na uniletee." Nilijua anachokitaka. Bibi yangu angesema hivyohivyo.

Nilipokuwa natafuta wapiga picha waliotendea milima hii haki, wawili walinikaa moyoni. Wa kwanza ni Russell Lee, ambaye mwaka 1946 alitumwa na serikali kuongozana na uchunguzi wa afya katika kambi za wachimbaji makaa. Alipiga picha maelfu. Ndani yake kuna vyoo vibovu na maji machafu, kwa kuwa hilo ndilo alilotumwa kuonyesha, lakini kuna pia kwaya kanisani, mama anayepiga pasi, wachimbaji Weusi na Weupe kwenye mkutano mmoja wa chama cha wafanyakazi, wasichana wanaokunywa soda dukani. Watu wale wana wiki nzima, hawana dakika moja tu ya huzuni. Wa pili ni George Masa, Mjapani aliyefika Asheville, North Carolina, mwaka 1915, akafanya kazi za hotelini kisha akawa mpiga picha. Alibeba kamera nzito mabegani akapanda Milima ya Great Smoky miaka na miaka, akipima njia kwa gurudumu la baiskeli lililofungwa kifaa cha kuhesabu umbali, akingoja mawingu yakae anavyotaka. Picha zake zilisaidia kuwashawishi watu kwamba milima ile iwe hifadhi ya taifa. Alikufa mwaka 1933 akiwa fukara, na hifadhi ikaundwa mwaka uliofuata. Mgeni, lafudhi nzito, kamera, milima isiyo ya kwao. Nikichoka kupanda namfikiria yeye.

Theluji ikiisha, kitu cha kwanza kupigwa picha ni udongo. Machi mwishoni maua ya njano ya daffodili hutokea katikati ya msitu, yamejipanga mstari mnyoofu mahali ambapo hakuna njia wala nyumba. Hayakuota yenyewe. Kuna mama aliyeyapanda pembeni ya mlango wake, labda miaka 80 iliyopita, na nyumba imeoza, mlango umeoza, familia imehamia Ohio au Michigan kufuata kazi za viwanda, na maua yanarudi kila mwaka kuonyesha kizingiti kilikuwa wapi. Ukiyafuata utakuta kisima, au sufuria yenye tundu. Mimi hupiga picha hizo kwa lenzi pana, nimeinama karibu na ardhi, ili mstari wa maua uonekane unakoelekea. Kisha navirudisha vitu vyote nilivyovisogeza.

Baada ya hapo mambo yanakwenda mbio. Mti uitwao redbud huchanua maua ya rangi kati ya zambarau na waridi kwenye matawi matupu kabla jani halijatoka, na kwenye kingo za barabara kuu yanaonekana kilomita nyingi. Kisha maua meupe ya mti uitwao dogwood. Kijani kinapanda mlima polepole, bondeni tayari kimejaa na kileleni bado ni kijivu, na kwa siku chache mlima mmoja una majira mawili. Aprili pia ni mwezi wa vitunguu pori viitwavyo rampu, vyenye majani mapana na harufu isiyojificha. Mji wa Richwood hufanya karamu yake, na makanisa na vituo vya zimamoto katika kaunti nyingi hupika vyao: rampu na viazi vilivyokaangwa kwa mafuta ya nyama ya nguruwe, maharage, mkate wa mahindi. Hizo ndizo picha ninazozipenda kuliko za mlima wowote. Ukumbi una taa za mrija, meza zimefunikwa plastiki, wazee wa zimamoto wamevaa aproni, mvuke unapanda. Usitumie flashi. Panda juu na ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, kubali chembechembe. Na kula kwanza. Anayekula pamoja na watu haulizwi anatoka gazeti gani.

Kiangazi sikipendi sana kwa picha, nitakipita haraka. Kila kitu ni kijani cha aina moja, mwanga wa mchana ni mkali na hewa ina ukungu wa buluu unaotokana na gesi zinazotolewa na miti yenyewe. Lakini kuna mambo mawili. Moja ni siku ya kupamba makaburi, inayofanywa mwisho wa Mei au mwanzoni mwa Juni kutegemea ukoo. Familia zinarudi kutoka miji ya mbali, zinafyeka nyasi, zinaweka maua, kisha chakula kinatandikwa palepale kilimani na watoto wanaambiwa nani amelala wapi. Nilialikwa mara ya kwanza na mfanyakazi mwenzangu, na sikutoa kamera kabla ya kuonyeshwa makaburi yote. La pili ni vimulimuli. Kuna jamii moja, hasa upande wa Tennessee kwenye Great Smoky, ambayo madume huwaka kwa pamoja, msitu mzima, kisha huzima kwa pamoja. Watu wanaotaka kuwaona Elkmont, ndani ya hifadhi ya Great Smoky, ni wengi kiasi kwamba hifadhi inaendesha bahati nasibu ya kugawa nafasi za magari. Kwa picha, weka kamera kwenye miguu mitatu, acha shata wazi sekunde nyingi, na tochi yako ifunikwe nailoni nyekundu. Kuwamulika kunawavuruga, na wanachokifanya ni kutafuta wenza.

Kiangazi pia ndicho muda mzuri wa kwenda Green Bank, Kaunti ya Pocahontas. Kwenye bonde la malisho na ng'ombe imesimama darubini ya redio yenye sahani ya mita 100 kwa 110, nyeupe, ndefu kuliko Sanamu ya Uhuru. Ili isikie mawimbi hafifu kutoka angani, eneo la kilomita za mraba zipatazo 34,000 limewekewa mipaka ya matangazo ya redio tangu 1958, na simu yako itanyamaza muda mrefu kabla hujafika. Karibu kabisa na darubini, kamera za kidijitali haziruhusiwi kwa sababu zinatoa mawimbi. Kamera ya filamu, isiyo na elektroniki, inaruhusiwa. Kwa hiyo kwenye kituo kimojawapo cha sayansi ya kisasa kabisa duniani unatakiwa urudi kwenye filamu ya fremu 36, upige bila kuona ulichopiga, ungoje wiki mbili. Nilinunua kamera ya zamani kwa ajili ya mahali hapo, na sasa naitumia pia kwenye nyumba za watu. Mtu akijua kuwa huwezi kutazama picha mgongoni mwa kamera, mnaendelea kuongea.

Sasa majani kupukutika, yaani Oktoba, wakati magari yanapojaa. Sitaki kuwadharau wanaokuja. Rangi zile zinastahili safari. Klorofili inavunjika siku zikifupika, manjano iliyokuwamo ndani ya jani tangu mwanzo inaonekana, na miti kama mepo hutengeneza nyekundu mpya kutokana na sukari iliyokwama kwenye jani. Rangi huanza juu na kushuka: mwishoni mwa Septemba iko Spruce Knob, mita 1,482, kilele cha West Virginia, na mwishoni mwa Oktoba imefika kwenye bonde la New. Anayejua hivyo anaweza kuifuata wiki nne nzima. Nenda siku ya mvua. Majani yakilowa rangi huwa nzito, na filta ya kuondoa mng'ao itafanya kazi ambayo hakuna programu inaweza kuifanya baadaye.

Kinu cha Babcock, kile cha intaneti, kina historia ambayo watu wengi hawaijui wanapokipiga picha. Kiliunganishwa mwaka 1976 kwa vipande vya vinu vitatu tofauti kutoka kaunti mbalimbali: jengo la kimoja, gurudumu la kingine, vifaa vya cha tatu. Hilo halikipunguzii thamani machoni pangu. Zamani karibu kila bonde lilikuwa na kinu chake, na hiki kimebeba mifupa ya vile vilivyokufa, na bado kinasaga. Ila ukishamaliza, usigeuze gari kurudi. Jirani yake, Clifftop, kuna kambi ya Camp Washington-Carver, iliyojengwa kwa ajili ya vijana Weusi wa vijijini enzi za ubaguzi, yenye jengo kubwa la magogo ya mchestnati, mti ambao ugonjwa wa kuvu ulioanza kuonekana New York mwaka 1904 uliufyeka karibu wote katika milima hii. Kila kiangazi wapiga banjo na fidla hukusanyika hapo. Banjo, tusisahau, ilivuka bahari vichwani mwa watumwa wa Kiafrika. Jengo la watu Weusi, la mti uliotoweka, lenye muziki wenye asili ya Afrika, liko dakika chache kutoka kwenye kinu, na sijawahi kukuta foleni ya kamera mbele yake.

Daraja la New River Gorge nalo linapigwa picha na kila mtu, na nami nimo. Lilifunguliwa 22 Oktoba 1977. Lina kimo cha mita 267 juu ya mto, na tao lake la mita 518 lilikuwa refu kuliko yote duniani kwa miaka 26. Chuma chake hakipakwi rangi. Kimeachwa kipate kutu ya juu inayokilinda kilicho ndani, ndiyo maana Oktoba kinafanana na majani. Ukifika alfajiri baada ya usiku wa baridi, ukungu umejaa bondeni na daraja linasimama juu yake, na utabaki hivyo hadi saa tatu au nne asubuhi. Halafu shuka. Barabara ya zamani ya Fayette Station inazunguka chini kwa kona nyingi, ile ambayo kabla ya 1977 ilimchukua mtu zaidi ya nusu saa kuvuka. Chini kabisa kuna daraja dogo lenye jina la Tunney Hunsaker, mkuu wa polisi wa Fayetteville ambaye alikuwa pia bondia. Tarehe 29 Oktoba 1960, mjini Louisville, alipigana na kijana wa miaka 18 aliyekuwa akianza ndondi za kulipwa, akashindwa kwa pointi baada ya raundi 6. Kijana huyo tulikuja kumjua kwa jina la Muhammad Ali. Ukipiga picha ukiwa juu ya daraja la Hunsaker, lile kubwa linakatiza anga juu yako. Ndiyo picha yangu ya daraja.

Na kuna mtama. Mwishoni mwa Septemba, Kentucky mashariki na sehemu za West Virginia, watu hukata mtama wa sukari, hukamua mabua yake na kuchemsha maji yake kwenye kikaango kirefu juu ya moto wa kuni, wakiengua povu la kijani saa nyingi hadi inabaki shira nzito ya kahawia. West Liberty, Kentucky, wana tamasha lao. Nilisimama mbele ya moshi ule nikiwa nimeshika bua, nikalimenya kwa meno kama nilivyofanya utotoni, na mzee aliyekuwa akikoroga akacheka kwa mshangao, akaniuliza nani alinifundisha. Zao lenye asili ya Afrika, kwenye milima iliyoinuliwa na Afrika. Nilimweleza, tukaongea hadi shira ikaiva. Picha yake ninayo: moshi, kofia, mwiko mrefu, na anatazama kamera moja kwa moja.

Nilimrudishia ile picha imechapishwa. Hili la kuchapisha nalisisitiza kwa sababu ya mafuriko. Juni 2016 yaliua watu 23 West Virginia. Julai 2022 Kentucky mashariki zaidi ya 40 walikufa, na Whitesburg maji yaliingia Appalshop, kituo ambacho tangu 1969 kimewafundisha vijana wa milimani kujipiga filamu na kujisimulia wenyewe. Sehemu kubwa ya hazina yake ya filamu na picha ililowa. Majumbani ilikuwa hivyohivyo: albamu za harusi, picha za babu aliyefia mgodini, vyote matopeni. Mwaka 2024 kimbunga Helene kikafanya hayo North Carolina magharibi. Kwa hiyo ninachompigia mtu nampa karatasini, na naweka nakala mahali pengine, mbali na mto, na anajua aniulize nani akiihitaji tena.

Wasomaji wa Lexington, Kentucky, ambako Wakongomani wenye Kiswahili ni wengi, mko karibu na milima hii kuliko mnavyodhani. Shikeni Mountain Parkway hadi Campton, kisha barabara namba 15 kupitia Jackson na Hazard hadi Whitesburg. Vukeni Pine Mountain kwa namba 119, mfike Cumberland, Benham, na Lynch. Lynch ilijengwa kuanzia 1917 na kampuni ya chuma, na wachimbaji wake walitoka Alabama, Italia, Hungaria. Shule ya watoto Weusi bado imesimama. Msipige picha majengo tu, kuna watu wa kuongea nao, na wengi wana mjomba au shangazi anayetaka kusimulia. Kutoka hapo barabara namba 160 inapanda Black Mountain, mlima mrefu kuliko yote Kentucky, na kushukia Virginia kwenye mji unaoitwa Appalachia. Jazeni mafuta Cumberland, maana juu mtandao hukatika na kona ni kali. Mkienda Februari, hakuna haraka ya kuamka alfajiri: jua huchelewa kufika kwenye bonde jembamba, na mwanga mzuri utawakuta mmeshakunywa chai.